Somo la Chura: Mafunjo ya Ngara na Biharamulo, na Manyunyu ya Kihansi



Masomo yetu katika kurasa hizi kwa kawaida huwa juu ya miche, uchumaji, uanikaji, na namna ya kutenga makonyo na karafuu. Safari hii tumeona vema tutoke kidogo nje ya shamba. Tutakwenda Bara mpaka mpakani kabisa, kwenye wilaya za Ngara na Biharamulo katika Mkoa wa Kagera, kisha tutashuka kusini hadi korongo la mto Kihansi, na mwisho tutarudi nyumbani kwenye mabonde yetu wenyewe. Njia nzima tutamfuata mnyama mmoja mdogo ambaye watu wengi humdharau, naye ni chura.

Hapana shaka mwanachama mmoja au wawili watacheka. Watasema, "Sisi tuna mikarafuu yetu, chura ana nini na sisi?" Twawajibu kwa swali: taa inayowaka nyumbani kwako usiku, umeme wake watoka wapi? Unguja ilianza kupata umeme wa Bara mwaka 1980, kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na waya wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza, ulianza kazi mwaka 2013. Pemba nayo iliungwa na Tanga mwaka 2010. Umeme huo hutoka kwenye gridi moja ya nchi nzima, na sehemu yake huzalishwa kwa maji ya mito ya Bara, Kihansi ukiwa mmojawapo. Basi taa zetu na chura tutakayemweleza wamekunywa maji ya mto mmoja, na kwa muda fulani maji hayo hayakuwatosha wote wawili.

Tuanze na nchi ya Ngara. Ni nchi ya vilima virefu vya majani, kimoja nyuma ya kingine mpaka Burundi na Rwanda, na baina ya kilima na kilima pana bonde, na mabonde mengi yana maji. Wenyeji, Wahangaza na Washubi, hulima migomba, maharage na kahawa penye miinuko. Mto Ruvubu watoka Burundi na mto Kagera watoka upande wa Rwanda, nayo hukutana karibu na Rusumo, ambapo maji yote hujibana katika mwamba na kuanguka kiasi cha mita 15. Kutoka hapo Kagera hufuata mpaka kuelekea kaskazini, kisha hugeuka mashariki na kuingia Ziwa Viktoria. Kwa kuwa Nile hutoka katika Ziwa hilo, tone la mvua lililoanguka juu ya kilima cha Ngara laweza kufika Misri. Biharamulo iko mashariki ya Ngara, nchi yenye misitu mikavu, mbuga na vinamasi; huko mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa mwaka 2019 yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato.

Kando ya mito hiyo huota mafunjo. Asiyeyajua afikirie majani yanayompita mtu mrefu kwa kimo, kila bua lina pembe tatu, na juu lina kichwa kama ufagio uliofunguka. Wamisri wa kale walitengeneza karatasi zao kwa mabua hayo. Humo hukaa nzohe, mnyama wa jamii ya paa mwenye kwato ndefu zilizopanuka ili asizame katika matope, na humo hukaa ndege na samaki wa kila namna. Mpita njia akiyatazama hudhani ni pori la bure linalongoja mtu mwenye jembe. Lakini kinamasi kina kazi yake, na huifanya usiku na mchana bila mshahara. Mvua kubwa inapoteremka vilimani na udongo mwekundu, mafunjo huyakatiza maji mbio, udongo hutulia chini, na maji hutoka upande wa pili yakiwa yametakata. Sehemu ya maji hayo hubaki humo kama maji yanavyobaki katika sifongo, kisha wakati wa kiangazi hutoka kidogo kidogo. Mtu aliyechimba mitaro na kukausha kinamasi hupata mavuno mazuri mwaka wa kwanza na wa pili, maana udongo ule una rutuba nyingi. Baadaye hushangaa kisima chake kimekauka mwezi wa nane.

Katika mafunjo na matete ya nchi za Ziwa huishi vyura wa matete. Ni wadogo sana, sentimita mbili mpaka tatu, wenye vidole vya kunata kama gundi, na rangi zao hupendeza kama ushanga: wenye mistari, wenye madoa, na wengine kijani kitupu. Usiku madume huita kwa pamoja, na sauti za maelfu yao huwa kama njuga zinazotikiswa. Jambo la ajabu ni kwamba chura huyu wakati wa kiangazi hukaa kwenye jua kali juu ya bua kavu, na ngozi yake hugeuka nyeupe ili kurudisha mwanga, kama vile sisi tunavyovaa kanzu nyeupe siku ya joto. Mvua zikirudi hushuka, huzaliana, na mayai yake huwekwa majini ambako hutoka viluwiluwi.

Hapa yafaa tueleze jambo moja la mwili wa chura, maana bila hilo habari za Kihansi hazitafahamika. Chura hanywi maji kwa kinywa kama sisi. Maji humwingia kwa ngozi, na hata sehemu ya hewa anayovuta hupitia ngozini. Kwa sababu hiyo ngozi yake ni laini na lazima iwe na unyevu, na chochote kilichomo majini, kiwe chumvi, sumu au ugonjwa, humwingia yeye kabla ya mnyama mwingine. Daktari hupima joto la mgonjwa kwa kipima joto. Mwenye kutaka kujua hali ya bonde lake na asikilize vyura. Bonde lililokuwa na kelele za vyura kila masika, kisha likanyamaza mwaka mmoja, lina jambo.

Mabonde ya upande ule yamepata misukosuko mingi. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya Rwanda, watu walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa wingi ambao ulimwengu ulikuwa haujauona. Hesabu iliyotangazwa siku zile ilikuwa watu 250,000 kwa muda wa saa 24. Walipiga kambi Benaco na kwingineko, na watu wengi kiasi hicho wahitaji kuni za kupikia kila siku. Vilima vikabaki vipara. Hatuwalaumu wakimbizi hata kidogo, maana mtu aliyekimbia panga haulizi mti ni wa nani. Tunaeleza tu kwamba kilima kikikosa miti, udongo huteremka bondeni, na bonde hujaa. Ongeza juu ya hayo moto wa kila mwaka, mitaro ya kulimia, na, katika nchi ya dhahabu kusini ya Ziwa, zebaki ambayo wachimbaji wadogo hukamatia dhahabu na ambayo huishia katika vijito. Kila jambo moja peke yake laonekana dogo.

Hata hivyo nchi ya Ngara ina bahati moja ambayo Kihansi haikuipata. Ilipofika zamu yake ya kujengewa mtambo wa umeme penye maporomoko, somo lilikwisha lipiwa na wengine. Twende sasa tukalitazame.

Mto Kihansi hutoka katika milima ya Udzungwa, mpakani mwa mikoa ya Iringa na Morogoro, na hapo milima inapokatika ghafla kuelekea bonde la Kilombero mto huingia katika korongo la kilomita chache tu na kushuka mamia ya mita. Maji yakianguka kutoka juu namna hiyo na kupiga mwamba huvunjika yakawa manyunyu, na upepo wa maporomoko wenyewe huyapuliza huku na huko. Basi chini ya maporomoko yale palikuwa na viwanja vidogo vya majani na kuvumwani ambavyo mchana na usiku, masika na kiangazi, mwaka baada ya mwaka, havikukauka. Ni kinamasi, lakini kinamasi cha ajabu kisichonyweshwa na ziwa wala mto kutoka chini, bali na manyunyu kutoka juu. Korongo lenyewe lina kuta za mawe, na watu walikuwa hawaingii.

Kwa mhandisi wa umeme mahali kama hapo ni hazina. Maji yanayoanguka kwa kimo kikubwa yana nguvu nyingi, na hayahitaji bwawa kubwa. Serikali ikakopa kutoka Benki ya Dunia na wafadhili wengine, Norway na Sweden zikiwamo, na katikati ya miaka ya 1990 ujenzi ukaanza: boma la kuzuia mto juu ya maporomoko, lenye kimo cha mita 25, na njia ya chini kwa chini ya kuyapeleka maji mpaka kwenye mitambo mitatu yenye uwezo wa megawati 180 kwa jumla. Nchi ilikuwa na shida ya umeme, wanachama wenye umri wetu wanakumbuka migao ya miaka ile. Hatutaki msomaji adhani kwamba waliojenga walikuwa watu wabaya.

Uchunguzi wa mazingira uliofanywa kabla ya ujenzi haukutosha. Ulipofanywa uchunguzi wa pili, kazi tayari imekwisha anza, na mwaka 1996 wataalamu walioshuka korongoni, miongoni mwao Profesa Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakakuta chura ambaye hakuna aliyekuwa amepata kumweleza. Baadaye alipewa jina la kitaalamu, Nectophrynoides asperginis, na hilo neno la pili ni la Kilatini lenye maana ya manyunyu. Rangi yake ni ya manjano kama dhahabu. Jike kubwa kabisa halifiki sentimita tatu, na dume halifiki sentimita mbili. Waweza kumkalisha juu ya ukucha wa kidole gumba akaenea. Wala hatagi mayai. Jike huzaa watoto hai, kuanzia watano mpaka kumi na sita, kila mmoja mdogo kama punje ya mtama, na ngozi ya tumbo lake ni nyembamba hata watoto huonekana kabla ya kuzaliwa. Ukifikiri utaona ndivyo ilivyompasa: katika maji yanayoanguka kwa kishindo vile, mayai na viluwiluwi vingechukuliwa vyote mpaka Kilombero.

Na eneo lake lote duniani? Hektari mbili. Sisi tunaohesabu kwa eka tuseme eka tano. Yuko mwanachama miongoni mwetu ambaye shamba lake moja la mikarafuu ni kubwa kuliko nchi yote ya chura yule. Walikuwamo humo maelfu kwa maelfu, wamebanana, lakini nje ya manyunyu hakuwapo hata mmoja. Hatukusoma habari ya mnyama mwingine mwenye mifupa ya mgongo aliyeishi katika mahali padogo hivyo. Tena hakuwa peke yake katika upekee: katika korongo lilelile iligunduliwa aina ya mbuni wa mwitu, ikaitwa Coffea kihansiensis mwaka 2004, ambao haujulikani kwingine. Mkulima ajiulize mwenyewe thamani ya mbuni wa mwitu, siku ugonjwa utakapovamia mibuni ya shambani na watu wakaanza kutafuta mbegu yenye damu mpya.

Mitambo ilianza kazi kati ya mwishoni mwa 1999 na mwaka 2000. Takriban sehemu tisa katika kumi za maji zikageuzwa kuingia njia ya chini kwa chini, na maporomoko yakabaki kama mfereji wa bafu. Manyunyu yakatoweka. Majani yaliyozoea unyevu yakanyauka, na magugu ya nchi kavu yakaanza kuingia. Vyura wakasongamana penye unyevu uliobaki.

Zikafanywa hila mbili, na zote mbili zilikuwa za haraka kama mtu anayeokoa vyombo nyumba inaungua. Ya kwanza ni kutandika mabomba kutoka juu ya mto mpaka kwenye vile viwanja vya majani, yenye vichwa vidogo vya kunyunyiza, maji yakishuka kwa uzito wake yenyewe. Hata kufika mwaka 2001 manyunyu ya mabomba yalikuwa yakifanya kazi. Hila ya pili ilikuwa kukamata vyura 499 mwishoni mwa mwaka 2000 na kuwapeleka kwa ndege Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx mjini New York, wawe mbegu ya akiba. Baadaye waligawanywa katika bustani kadhaa, ile ya Toledo ikiwa moja.

Mabomba yalisaidia. Mwezi Juni 2003 vyura wa korongoni walikadiriwa kufika 20,000 hivi, na watu wakapumua. Baada ya wiki chache tu hesabu ikaanguka hata wakahesabika kwa makumi. Januari 2004 walionekana watatu, na wawili wengine wakasikika wakilia. Baada ya hapo miaka ikapita bila ya chura, na mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Hifadhi ya Maumbile likaandika kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini.

Nini kiliwaua kwa ghafla vile, hali manyunyu yalikuwa yamerudi? Hapa wakulima wa karafuu tuna faida ya kufahamu upesi kuliko watu wengine, kwa sababu yalitufika. Wazee wetu walishuhudia ugonjwa wa kufa ghafla: mkarafuu mkubwa, umebeba majani ya kijani, ndani ya muda mfupi hugeuka rangi na kufa, na jirani yake hufuata. Watu walisema ni ardhi, ni mvua, ni jicho la hasidi. Katika miaka ya 1950 wataalamu Nutman na Roberts wakaonyesha ni kuvu iingiayo kwenye mizizi. Basi katika vyura waliokufa Kihansi mwaka 2003 ilionekana kuvu pia, ya namna nyingine, ikaayo katika ngozi ya vyura. Ngozi huvimba na kuwa nene, chumvi za mwili hazipiti tena, na moyo husimama. Kuvu hiyo haikuua Kihansi peke yake. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2019 ulihesabu aina 501 za vyura na jamaa zao duniani waliopunguzwa nayo, na katika hao aina 90 hudhaniwa zimekwisha kabisa. Huenezwa na maji na matope, na vyura wanaouzwa nchi kwa nchi, na hata kwa viatu vya mtu aliyetoka kwenye mto mmoja akaingia kwenye mwingine.

Wako waliotaja sababu nyingine juu ya hiyo. Katikati ya mwaka uleule matope yaliyotuama nyuma ya boma yalifunguliwa yaende na mto, na matope hayo huchukua mabaki ya dawa za wadudu zilizopigwa katika mashamba ya juu. Mabomba nayo yalikuwa na siku za kuziba. Hesabu ya lawama baina ya kuvu, sumu na ukame haijafungwa. Sisi, kwa kuifikiri kikulima, twaona kwamba mti uliodhoofishwa na kiu ndio unaoshikwa na ugonjwa kwanza, na huenda chura naye ni vivyo hivyo.

Wale wa Marekani nao waliponea chupuchupu. Katika miaka ya mwanzo walikufa kwa wingi, na mwaka 2004 walibaki chini ya 70 katika bustani zote. Walezi wao ilibidi wajifunze kila kitu upya: maji yachujwe kwa namna gani, manyunyu yaje mara ngapi, taa ziwe za mwanga upi, na wadudu wadogo wa kuwalisha wafugwe vipi, maana chura wa kimo hicho hawezi kumeza nzi wa kawaida. Polepole wakaongezeka. Mwezi Agosti 2010 vyura 100 walirudishwa kwa ndege, wakapokewa katika nyumba yao maalum kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwishoni mwa 2012 zaidi ya 2,000 waliachiliwa katika korongo lao, nao walikuwa wa kwanza miongoni mwa vyura duniani kurudishwa mahali pao baada ya kuandikwa kuwa wametoweka porini. Kazi ya kuwaongeza na kuwalinda ni ya miaka mingi, na anayeingia korongoni lazima kwanza asafishe viatu kwa dawa.

Watu hubishana mpaka leo kama yote hayo yalistahili. Mmoja husema nchi maskini haiwezi kuacha umeme kwa ajili ya chura. Mwingine husema kiumbe kilichokwisha hakinunuliki. Sisi twaona wote wawili walichelewa kwenye mabishano. Kosa la Kihansi lilikuwa la wakati. Kama korongo lingechunguzwa kabla ya mkataba kutiwa sahihi, ingewezekana kupanga tangu mwanzo maji kiasi gani yaachwe yaanguke. Nayo hatimaye yaliwekwa, kati ya mita za ujazo 1.5 na 2 kwa kila sekunde, ambazo hupita katika maporomoko pamoja na kulisha mabomba. Mabomba, ndege, bustani za ng'ambo na mradi wa miaka mingi wa Baraza la Taifa la mazingira viligharimu mamilioni ya dola. Mkulima ajuaye bei ya kung'oa gugu likiwa changa na bei ya kuling'oa limekwisha toa mbegu hahitaji kufundishwa hesabu hii.

Sasa turudi Rusumo. Mtambo wa huko, wa megawati 80, ni shirika la nchi tatu, Tanzania, Rwanda na Burundi, na umeme hugawanywa sawasawa. Uliingia kazini mwaka 2023. Fikra za zamani zilikuwa za kuinua maji na kufanya ziwa, jambo ambalo lingezamisha mabonde mengi ya juu pamoja na mafunjo yake na mashamba ya watu. Mpango uliojengwa ni wa kuutumia mto unavyopita, bila ya ziwa kubwa. Umeme wake ni pungufu kuliko ule ambao ungepatikana, nayo ni hasara ya kweli kwa nchi tatu zenye kiza. Lakini bonde la Ruvubu limebaki bonde. Twasema kwamba uamuzi ulikuwa mwema, ingawa mtambo peke yake hautaokoa mafunjo ya Ngara ikiwa vilima vitaendelea kuteremsha udongo na kila mwenye jembe atachimba mtaro wake. Jambo hilo liko mikononi mwa wanavijiji, na wao wana watoto wa kulisha kama sisi.

Nasi visiwani je? Pemba ina chura wake. Mwaka 1941 mtaalamu Arthur Loveridge alimweleza chura mdogo wa matopeni aliyepatikana karibu na Wete, akampa jina la Bwana Pakenham, ofisa aliyekusanya viumbe vya Unguja na Pemba. Vitabu vya wataalamu humhesabu kuwa wa Pemba peke yake, na amepata kuwekwa katika daraja la walio hatarini. Hana rangi ya dhahabu wala haendi Marekani kwa ndege. Ni wa rangi ya udongo, hukaa ukingoni mwa maji mabondeni, na kwa hakika wengi wetu tumemruka tukienda kupanda mpunga bila ya kumtazama mara mbili.

Nchi yake ndiyo yetu. Pemba ni vilima na mabonde: karafuu juu, mpunga na maji chini. Ukikata mikarafuu mikongwe kilimani bila ya kujazia, udongo wake utamfika chura kabla ya kumfika mtu mwingine. Na ukipiga dawa ya mchwa au ya maji moto juu, mvua ya kwanza itaiteremsha. Tumewaona wanachama, tena wakulima hodari, wakiosha bomba la kupigia dawa katika kijito kilekile ambacho watoto huteka maji chini yake. Maji ya kuoshea yamwagwe kwenye ardhi kavu ndani ya shamba, mahali pasipoteremka moja kwa moja bondeni, na mkebe wa dawa usifanywe kata ya kutekea. Mwenye bonde la mpunga na aache ukanda wa matete na majani ya maji, hatua tatu au nne, kando ya kijito, asiulime mpaka ukingoni; ukanda huo huzuia udongo usiingie majini, hushika kingo zisibomoke, na vyura walao wadudu hukaa humo wakati shamba ni kavu. Na mwenye chemchemi chini ya mikarafuu yake asikate miti iliyoizunguka hata kama yampa kivuli kisichotakiwa.

Toleo lijalo tutarudi kwenye karafuu, na somo litakuwa juu ya kujazia mapengo: umri wa miche, kivuli cha mwaka wa kwanza, na wakati wa kukiondoa.